Vijana Wasome Miamba

Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikafunika sehemu za Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Baadaye tulielezwa kwamba sehemu ya mlima ilikuwa na miamba dhaifu, ikanyonya maji ya mvua mpaka ikalemewa. Maelezo yale nayaamini. Linaloniuma ni kwamba yalitufikia tukiwa tumekwisha kuzika. Wa kuupima mlima kabla ya mvua, wa kuchora ramani ya miteremko iliyolegea na kumwambia mwenyekiti wa kijiji kwamba hapa pasijengwe, ni mwanajiolojia. Hao Tanzania tunao wachache mno.

Ndugu mzazi, mwanao akikuambia anataka kusoma jiolojia, unamjibu nini? Wengi wetu tunauliza kama anataka kwenda kuchimba dhahabu Geita. Elimu nzima ya ardhi tumeifungia ndani ya shimo la mgodi! Nani atatuonyesha mahali pa kuchimba kisima Singida, ambako watu hutoboa ardhi kwa gharama kubwa wakakuta pakavu? Watoto wengi wa vijiji vinavyozunguka Mlima Meru wana meno ya kahawia kwa sababu maji yao yamepita kwenye miamba ya volkano yakabeba floridi. Nani atawatafutia maji yaliyo salama?

Nakiri kwamba woga wa vijana juu ya fani hii una sababu. Ajira za utafutaji wa madini hupanda na kushuka na bei ya soko. Dhahabu iliposhuka bei mwaka 2013, kampuni zilibana matumizi, na wa kwanza kuondolewa huwa ni watafiti. Kijana akimwona kaka yake amerudi nyumbani na shahada yake, hukimbilia fani nyingine. Hata Uingereza na Australia vyuo vimeona wanaojiunga na jiolojia wakipungua, wakati dunia inalilia nikeli na kinywe kwa ajili ya betri. Madini hayo sisi tunayo, Kabanga na Mahenge. Tusipokuwa na watu wetu wa kuyasoma, tutasomewa na wengine, na kwenye meza ya mazungumzo tutakubali hesabu tusizoweza kuzihakiki.

Tuwatazame jirani zetu. Kenya iliwasha mtambo wake wa kwanza wa jotoardhi pale Olkaria mwaka 1981, wa megawati 15 tu. Iceland ilikuwa imeanzisha mafunzo ya jotoardhi mwaka 1979, na Kenya ikapeleka vijana wake huko, kundi baada ya kundi, miaka nenda miaka rudi, bila kungoja bei ya kitu chochote ipande. Waliorudi wakawafundisha wenzao visimani. Leo takriban asilimia 40 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, na wachorongaji wa kampuni yake ya umeme, KenGen, wameitwa kwenda kuchoronga visima Ethiopia na Djibouti. Bonde la Ufa halikuishia mpakani; kwetu linapita pia, lenye chemchemi za moto mpaka Mbeya. Kilichopungua kwetu ni subira ya kusomesha.

Na kazi hiyo ianzie sekondari. Mwanafunzi anakariri aina 3 za miamba ubaoni, ilhali machimbo ya kokoto yako nyuma ya shule yake. Mwalimu, watoe watoto nje wakaushike mwamba, waupasue, wauangalie! Kampuni za migodi nazo ziache kulalamika kwamba wahitimu hawana uzoefu huku zikiwafungia lango wanaoomba mafunzo kwa vitendo. Serikali ina taasisi ya jiolojia pale Dodoma iliyoanza kazi mwaka 1925. Iajiri vijana kwa mpango wa miaka mingi, kila halmashauri yenye milima na mabonde ya hatari ipate mtu wake. Na asiwepo wa kumwambia binti kwamba kazi ya porini haimfai. Aliyeongoza kuzifukua nyayo za kale za Laetoli mwaka 1978 alikuwa mwanamke, Mary Leakey.

Wewe mwenye kijana aliyemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya PCM, PCB au PGM, kaa naye kabla hajajaza fomu ya chuo. Mwambie jiolojia inafundishwa Dar es Salaam na Dodoma, na kwamba nchi inamhitaji. Akiichagua, usimkatishe tamaa.