Singo maza, bei ya chumba itakuponza!

Leo mapenzi tunayaweka kando kidogo maana mwenzenu nina kimbembe. Natafuta mji wa kuhamia, mimi na wanangu wawili, mmoja darasa la kwanza, mwingine ana miaka mitatu. Baba yao? Ngoja, tutamfikia.

Chumba chetu kiko Kigogo, upande wa bondeni, karibu na Mto Msimbazi. Masika ya mwaka 2024 maji yaliingia ndani mpaka godoro likaloa chapachapa, tukalala siku nne kwa jirani, mama mmoja muuza maandazi. Nikaapa kuhama. Kuapa rahisi, mpaka leo nipo! Kodi za mjini mnazijua wenyewe, kwa hiyo kila shosti akawa na ushauri: toka nje ya jiji, kule vyumba viwili na sebule utavipata kwa bei ya chumba kimoja cha Sinza.

Nikaanza na Bagamoyo. Upepo mwanana, samaki wa kumwaga, chumba bei poa. Mwenye nyumba, mzee wa watu na kanzu yake, akanitazama mimi, akawatazama watoto. "Binti, mwenyewe yuko wapi?" Nikamjibu, "Shikamoo mzee, mwenyewe ndiye mimi." Akasema atampigia dalali. Mpaka leo anapiga.

Mwingine akaniambia nihamie Morogoro kabisa, eti treni ya umeme ipo. Kweli ipo tangu Juni 2024, ila ilipoanza nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar ilikuwa shilingi 13,000 kwenda tu. Kwenda na kurudi 26,000 kwa siku! Mshahara wa dukani Kariakoo ungekata roho kabla ya tarehe tano.

Ikabaki Kibaha. Ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani, kama kilomita 40 kutoka mjini, barabara pana, hospitali ya Tumbi ipo, shule zipo. Nikapata vyumba viwili, umeme na maji ndani. Nilitaka kulipa palepale, lakini nikajiambia ngoja kwanza niijaribu safari siku ya kazi.

Jamani! Saa kumi na moja alfajiri niko kituoni Maili Moja, mpaka Mbezi, Mbezi nikaunga gari jingine, nikaingia dukani saa moja na robo. Jioni tumefunga saa kumi na mbili, foleni, kusukumana, konda ananiita "bi mkubwa" na umri wangu huu. Nimefika Kibaha saa tatu usiku. Nikapiga hesabu: wanangu nitawaacha wamelala, nitawakuta wamelala. Nitakuwa mpangaji anayekuja kulala tu.

Halafu hapo katikati? Darasa la kwanza wanatoka shule mapema. Nani atampokea? Mwaka jana huyu mdogo alishikwa na homa saa nane mchana, mimi niko dukani nahudumia wateja. Mama wa maandazi ndiye aliyembeba mgongoni mpaka zahanati, napigiwa simu mtoto keshachomwa sindano. Yule mama hayumo kwenye bei ya chumba cha Kibaha. Dalali hakutajii kitu kama hicho.

Sasa nikiri jambo. Kibaha nina mama mdogo, mstaafu, anakaa si mbali na Tumbi. Nilikuwa namkwepa kwa sababu ana mdomo. Kila nikienda ananikumbusha cheti changu cha kidato cha nne na huyo "mwanamume wako wa suruali za kuazima". Nilipanga kukaa upande wa pili wa mji ili tusionane. Lakini wajukuu anawapenda, na mchana kutwa yupo nyumbani. Basi nimetafuta chumba nyumba ya tatu kutoka kwake. Kidogo, ghali kuliko kile cha kwanza, na maji ni ya kununua kwa ndoo. Bosi nimemwomba nitoke saa kumi, kanikata mshahara kidogo, nimekubali.

Na baba yao nilimpa taarifa. Akajibu, "Kibaha mbali, sitaweza kufika." Utadhani Kigogo alikuwa anafika! Shosti, kama na wewe una wa hivyo, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haimsamehi mzazi matunzo eti kwa sababu mtoto kahama. Anzia ustawi wa jamii, ikishindikana mahakama ipo. Mimi Jumatatu ninakwenda.

Tunahama mwisho wa mwezi. Mama wa maandazi nimemwambia jana, akakaa kimya, halafu akauliza mtoto viatu vya shule anavaa namba ngapi.

Wewe uliyehamia nje ya mji na watoto peke yako, niandikie. Watoto wakitoka shule wanakwenda kwa nani?