Nani Alibeba Ule Mkate?

Jumapili baada ya mpira tulibishana sana hapa Lobule, Koboko. Mzee mmoja alituambia eti tangu zamani kazi ya mwanamke ni kunyamaza, hata hadithi za kale zinasema hivyo. Kwetu neno hilo si mchezo. Wasichana wawili wa kikundi chetu wameambiwa waache shule, juu nyumbani chakula hakitoshi na mahari imeshazungumzwa.

Mzee wetu, shikamoo, lakini hadithi za kale hazisemi hivyo.

Chukueni Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya Kenya wa karne nyingi zilizopita. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliandika habari zake kwa utendi mwaka 1913. Sultani wa Pate anamfunga Liyongo, anataka kumwua. Mama yake anamtuma kijakazi, Saada, ampelekee chakula. Walinzi wanakula kitamu, yeye wanamwachia mabaki. Liyongo anamwimbia Saada ujumbe wa mafumbo: mama aoke mkate mzuri, na mwingine wa pumba wenye tupa ndani. Saada anaushika kichwani, mama anauelewa. Walinzi wanakula ule mzuri, ule wa pumba wanamtupia mfungwa. Basi, usiku Liyongo anakata minyororo.

Sifa ni za Liyongo. Lakini bila wanawake wawili angekufa gerezani. Tena Saada alikuwa mtumwa: angekamatwa, nani angemtetea? Kazi ya hatari alipewa, heshima hakupewa. Hata hapa tunaona. Nani anachota maji, nani anasimama foleni ya chakula? Na kwenye mkutano nani anaongea?

Wengine watasema: mbona Mwana Kupona binti Msham, mwaka 1858, alimwusia binti yake amtii mume? Kweli, na hilo hatulikubali lote. Lakini alikuwa mgonjwa, akatunga utendi mzima, akawaita na wanawake wengine wausome. Huyo alinyamaza wapi?

Hata Ulaya ya zamani ilikuwa hivyo. Kule Ufaransa Christine de Pizan, mjane mwenye watoto watatu, alilisha nyumba yake kwa kuandika. Mwaka 1405 alitunga kitabu cha kuwajibu wanaume waliowatukana wanawake vitabuni.

Kwa hiyo wazazi wetu, tunawaheshimu, lakini msiseme ni mila. Semeni ni njaa, tutafute dawa ya njaa pamoja. Nanyi wa mashirika, msiitishe mkutano saa ambayo wasichana wako kwenye bomba la maji, halafu mkaandika kwamba hawakuja.

Sisi tunataka dada zetu wawili warudi darasani muhula ujao. Tutaenda kuongea na familia zao, wavulana kwa wasichana.

Na nyinyi mnaosoma, bibi zenu waliwasimulia nini kuhusu wanawake wa zamani? Tuandikieni.