Zawadi ya Mtoto Isiwe Fahari ya Wakubwa

Kila mwaka, ifikapo mwezi wa Desemba, mitaa ya Kariakoo mjini Dar es Salaam hufurika watu. Miongoni mwao wamo watumishi wa umma na walimu, ambao mshahara wa mwezi huo mara nyingi huwafikia kabla ya Krismasi. Mbele yao hupangwa midoli yenye nywele za rangi ya dhahabu, magari yanayowaka taa na bunduki za plastiki zinazolia. Mzazi husimama, huuliza bei, hupunguziwa kidogo, kisha hununua. Ni mara chache sana ambapo hujiuliza swali lililo kubwa kuliko bei: je, zawadi hii ni ya mtoto, au ni ya macho ya watu?

Wako watakaosema kuwa zawadi za watoto ni jambo la nyumbani, lisilostahili kujadiliwa hadharani. La hasha! Jinsi mzazi anavyochagua zawadi huonyesha kile anachokithamini, na mtoto hukitambua kabla hajajua kusoma. Wahenga walisema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Kumpa mtoto zawadi ni jambo jema, wala si geni. Nguo mpya za sikukuu, iwe Idi au Krismasi, zimewafurahisha watoto wa vizazi vingi mijini na vijijini. Sherehe ya siku ya kuzaliwa, pamoja na keki na mishumaa yake, imeenea zaidi mijini, nayo haina ubaya kwa yenyewe. Mzazi aliyekulia katika dhiki hutamani mwanawe apate kile ambacho yeye alikikosa. Tamaa hiyo ni ya utu, na haifai kubezwa.

Kosa huanza pale mashindano yanapobisha hodi. Jirani amemnunulia mwanawe gari kubwa la betri. Basi karani naye hukopa ili asionekane mnyonge. Picha hupigwa, husambazwa kwa simu, na sifa humwendea baba. Kabla ya mwaka mpya gari limekwisha vunjika, lakini deni lingali zima. Kisha Januari huingia, shule hufunguliwa. Ni kweli kwamba Januari 2016 ada ilifutwa katika shule za umma hadi kidato cha nne. Hata hivyo sare, viatu na madaftari bado ni wajibu wa mzazi. Mwalimu wa darasa la kwanza ndiye anayeiona hasara hiyo waziwazi, pale mtoto aliyesherehekewa kwa vifijo mwezi wa Desemba anapofika darasani bila daftari.

Tena, yafaa kupima ni kazi gani ambayo zawadi humfanyia mtoto. Gari la betri hujiendesha lenyewe, hujilia lenyewe na kujiwakia taa lenyewe. Mtoto hubaki mtazamaji. Mtoto anayeunda gari la waya hutafuta waya, huukunja, hukata magurudumu kutoka katika kandambili chakavu, huona limekwenda upande, hulibomoa na kuliunda upya. Huyo amekwisha kuwa fundi. Msichana anayemvisha nguo mwanasesere wa gunzi la hindi hushona, hupima na kutunga hadithi. Watoto wanaocheza bao, lenye mashimo 32 na kete 64, hujifunza kuhesabu na kufikiri mbele bila ya kuchapwa fimbo hata moja.

Katika Elimu ya Kujitegemea, waraka alioutoa mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alisisitiza kwamba elimu imjenge mtoto awe na akili ya kudadisi na hali ya kujiamini. Ingekuwa ajabu iwapo mwalimu angelihubiri jambo hilo darasani, kisha nyumbani akamlea mwanawe katika kasumba ya kuamini kwamba kizuri ni kile tu kilichotoka dukani.

Lipo pia suala la usalama. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu hutia kila kitu kinywani. Vipande vidogo huweza kumkaba. Betri ndogo za mviringo, mfano wa kifungo, ni hatari zaidi, kwani ikimezwa na kukwama huweza kuunguza koo kwa muda wa saa mbili tu. Mwaka 2007 kampuni kubwa ya Marekani, Mattel, ililazimika kurudisha mamilioni ya vitu vya kuchezea kutoka madukani, baadhi yake kwa sababu ya rangi yenye madini ya risasi. Ikiwa kampuni ya namna hiyo ilikosea, mzazi hana budi kuwa mwangalifu zaidi anaponunua kitu kisichojulikana kilikotengenezwa. Wala simu ya mkononi si zawadi ya mtoto mchanga. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya kioo zaidi ya saa moja kwa siku.

Basi kichaguliwe nini? Seremala wa mtaani aweza kukata masalia ya mbao, akayapiga msasa vizuri, yakawa matofali ya kujengea nyumba na madaraja. Kazi za mafundi kama hao ndizo zilizokusudiwa kuinuliwa SIDO ilipoundwa mwaka 1973. Kamba ya kuruka, mpira, pia, tiara na kalamu za rangi havimfilisi mtu. Kitabu cha hadithi cha Kiswahili, kikisomwa na mzazi mwenyewe jioni, ni zawadi mbili kwa pamoja: kitabu na wakati wa mzazi.

Hatimaye, liko jambo ambalo maofisini husemwa kwa kunong'ona. Mtoto wa mkubwa anapotimiza miaka mitano, mchango hupitishwa mezani, na mhudumu mwenye mshahara mdogo hutoa kwa hofu ya kuandikwa jina. Wengine huongeza zao kwa siri, wakitumaini kukumbukwa wakati wa kupandishwa cheo. Hiyo si zawadi ya mtoto. Ni rushwa iliyofungwa kwa karatasi ya rangi. Miongoni mwa ahadi za mwanachama wa TANU, na baadaye za CCM, imo ile ya kutopokea wala kutoa rushwa. Kiongozi anayeijali ahadi hiyo ataukataa mchango huo mapema, na kwa kufanya hivyo atakuwa amewapa wafanyakazi wote zawadi ya kupumua.

Kutoa ni moyo, si utajiri. Mtumishi atakayeingia dukani Desemba hii na akumbuke kwamba mtoto hana habari ya bei. Ana habari ya aliyekaa naye chini wakacheza. Mzazi akichagua kwa kumtazama mtoto badala ya kumtazama jirani, mwanawe atafurahi Desemba, na Januari ataingia darasani akiwa na daftari lake.