Diski Mpya Ndani ya Kompyuta Kongwe

Dada yetu mmoja alitujia na kompyuta yake ya Windows Vista, yenye hesabu za biashara ya mabuibui na picha za marehemu mamaye. Fundi alikuwa ameitia diski ya SSD. Ikaenda mbio miezi ya mwanzo, kisha ikazorota. Fundi hatumlaumu sana. Aliombwa kasi, akatoa kasi.

Diski hii haina sahani izungukayo. Vijumba vyake vya kumbukumbu huchakaa kwa kuandikwa na kufutwa. Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, huiarifu diski sehemu zilizoachwa wazi, kwa amri iitwayo TRIM. Vista na XP haziijui amri hiyo, hivyo diski huendelea kuyabeba mafaili yaliyofutwa kana kwamba yangali yahitajika. Zaidi ya hayo, Vista hupanga upya mafaili kila wiki, kazi iliyozifaa diski za zamani. Hii huichosha bure. Tuliizima ratiba hiyo mbele yake, tukamsihi aiachie diski nafasi, robo yake hivi.

Lakini kabla ya kugusa lolote, picha za mama tulizinakili kwanza kwenye diski ya nje. SSD ikifa, aghalabu haitangulizi mlio.