Akiba Inayooza: Filamu za India na Makavazi Huria ya Mtandaoni

Akiba haiozi, husema wahenga. Walionena hivyo hawakuwa na filamu akilini. Filamu nyingi za nusu ya kwanza ya karne ya 20 zilipigwa kwenye ukanda wa nitrati, ambao huharibiwa na joto na unyevu, na hushika moto upesi. Alam Ara ya Ardeshir Irani, iliyotolewa mwaka 1931, ndiyo filamu ya kwanza ya India yenye sauti. Leo haijulikani iliko hata nakala yake moja. Raja Harishchandra ya Dadasaheb Phalke, ya mwaka 1913, imesalia vipande tu.

Serikali ya India ilianzisha makavazi ya kitaifa ya filamu mjini Pune mwaka 1964. P. K. Nair, aliyeyahudumia kwa miaka mingi, alikusanya maelfu ya filamu. Kazi hiyo yastahili heshima. Hata hivyo, filamu iliyofungiwa ghalani, isiyoonwa ila na mtafiti mwenye nauli na kibali, imehifadhiwa kwa ajili ya nani? Maoni yangu ni kwamba kuhifadhi pasipo kumfikia mtazamaji ni nusu ya kazi.

Nusu ya pili hufanywa na makavazi huria ya mtandaoni. Mfano mzuri ni Indiancine.ma, yaliyozinduliwa mwaka 2013. Msingi wake ni ensaiklopidia ya sinema ya India iliyohaririwa na Ashish Rajadhyaksha na Paul Willemen. Humo filamu kongwe hutazamwa bila malipo, na wasomi huweza kuambatisha maelezo kwenye onyesho mahususi. Mali bila daftari hupotea bila habari; hapa mali na daftari vimewekwa pamoja.

Wapo watakaosema kwamba huu ni wizi wa hakimiliki. Sheria ya India huilinda filamu kwa miaka 60 baada ya kutolewa. Muda huo ukipita, filamu ni ya umma, ingawa maneno na muziki wa nyimbo zake huweza kuwa na ulinzi wao. Anayeheshimu mpaka huo haibi. Wengine watasema kwamba faili ya kompyuta si filamu. Hapo wana haki. Mwaka 1993 moto uliunguza negativu za Pather Panchali ya Satyajit Ray katika maabara mjini London. Mafundi waliziokoa sehemu zilizosalia, wakajaliza mapengo kwa nakala nyingine, na filamu ikaonyeshwa upya mwaka 2015. Bila ukanda ule, hata ulioungua, urejeshaji huo ungekuwa duni. Basi ghala na tovuti ni ndugu. Pasiwe na serikali itakayofunga ghala kwa kisingizio cha tovuti.

Suala hili linatugusa sisi wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alisifika kwa kuimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya nyimbo za filamu za Kihindi. Tunapouchambua utanzu huo wa taarabu, tunahesabu vina na mizani, kisha tunanyamaza kuhusu mahadhi. Hatuwezi kusema ni wapi mshairi aliufuata wimbo wa asili na ni wapi aliuasi, ilhali filamu yenyewe hatujaiona. Zamani tungejitetea kwamba ipo mbali. Kwa filamu nyingi kongwe, udhuru huo umekwisha.

Napendekeza, basi, kwamba kila atafitiye taarabu ya aina hii aitafute filamu asilia, aitazame, kisha aandike maelezo yake na kuyaambatisha panaporuhusiwa: wimbo huu uliimbwa Mombasa, kwa maneno haya, na fulani. Maelezo hayo mhifadhi wa Pune hawezi kuyaandika. Wanaoyajua ni wazee wa pwani yetu, na wao pia hawatakuwapo daima.