Muti wa maembe: ufikiri mbele ya kushika shoka

Mwezi huu tuongee juu ya muti ambao kila mutoto wa Kindu anaujua, ni muti wa maembe.

Muti huu ulitoka Asia, upande wa India. Mwaka wa 1331 musafiri Ibn Battuta alikuta watu wa Mogadishu wanakula maembe mabichi yaliyotiwa siki. Huku kwetu Maniema, wazee wanasema ulikuja na wafanyabiashara wa pwani, wale wa Nyangwe na Kasongo, kwa njia ile ile ya watumwa. Waliopanda walikufa zamani, sisi ndio tunakula.

Uuangalie vizuri. Majani mapya yanatoka mekundu, kisha yanakuwa ya kijani. Hayaanguki yote kwa mara moja, kwa hiyo kivuli kiko mwaka muzima. Maua ni madogo, mamia na mamia kwa kishada kimoja, lakini yanayofika kuwa embe ni machache tu. Mvua ikipiga sana wakati wa maua, yanakuwa meusi na kuanguka. Tena ni ndugu ya mukorosho, na utomvu wake unachoma midomo. Mama, osha embe mbele ya kumupa mutoto.

Embe lililoiva linasaidia macho ya watoto. Bichi tunakula na chumvi na pilipili. Na chini ya muti wamama wanauza, watoto wanasoma, hata sisi tunahubiri.

Lakini siku hizi tunaukata juu ya makala na kuchoma matofali. Mimi pia, mwaka mumoja feza ya masomo ilikosa, nikanoa shoka. Mama wa nyumba akaniuliza, "Papa, makala ile itaisha kwa juma ngapi? Na kisha watoto watakula maembe ya nani?" Nikakosa jibu. Shoka ikarudi ndani.

Wapapa wengi wanakwenda machimboni, Kalima ao Namoya. Shimo linaisha, lakini muti wa maembe unaweza kuzaa zaidi ya miaka 100. Sheria ya Musa ilikataza kukata miti ya matunda hata wakati wa vita. Sisi tutaikata juu ya mifuko tatu ya makala?

Vijana, mukikula embe, mupasue kokwa polepole, mutoe mbegu ya ndani, mupande juma lile lile, kwani ikikauka inakufa. Muache metre 10 kati ya muti na muti. Utangojea miaka 5 mpaka 8. Ni mirefu, lakini mutoto anayezaliwa leo atakuwa na meno ya kutosha.