Udongo si ATM: Acheni Kupanda Mianzi Pekee

Wasee, leo sitawachekesha. Leo nimekuja kuomba msamaha, na nikishamaliza nitawasha moto kidogo.

Wenye mmenifuata kitambo mnaikumbuka ile vidio yangu ya mianzi. Nimevaa gambuti, nimeshika mche, nasema hii ndiyo dhahabu ya kijani: inamea mbio kuliko mti wowote, inanyonya kaboni, panda leo ule maisha yako yote. Kampuni moja ya miche ilinilipa kusema hivyo. Doo haikuwa mbaya. Shida ni kwamba mtu wa kwanza kuniamini hakuwa mgeni wa mtandaoni. Alikuwa guka wangu.

Guka ako na nusu ekari kwenye mteremko huko Murang'a. Hapo palikuwa na mikinduri, miringa mitatu na mikima michache. Muuzaji wa miche alimwambia mianzi haipendi kampani, afyeke kila kitu ndio ipate nafasi. Guka akasita. Kwetu babu na mjukuu huitana guka, wote wawili, kwa hivyo alinipigia simu akaniuliza, "Guka, wewe ndiye umesoma. Huyu mtu anasema ukweli?"

Nikamwambia kata tu. Simu ya dakika mbili. Miti iliyopandwa na baba yake ikaenda kuwa mbao na kuni.

Hiyo ni miaka saba iliyopita. Mwezi wa nne mwaka huu nilienda ushago nikiwa na kamera, nikidhani narekodi hadithi ya mafanikio. Mianzi iko, ndiyo. Lakini machipukizi mapya yanatoka membamba kuliko ya zamani, na mnunuzi ameanza kulalamika. Guka hakunilaumu. Alichukua jembe akanionyesha mashimo mawili. La kwanza lilikuwa chini ya mukinduri mmoja uliobaki mpakani, kwa sababu jirani alikataa ukatwe. Udongo ulikuwa mweusi, laini, una minyoo. La pili lilikuwa katikati ya mianzi. Juu kulikuwa na zulia nene la majani makavu, yamelala tu, hayajaoza. Chini yake udongo mwekundu, mgumu, hauna hata mnyoo mmoja.

Najua, mashimo mawili ya jembe si utafiti. Ndiyo maana nilirudi Nairobi nikafanya kazi niliyopaswa kufanya kabla ya kupokea ile pesa. Nilisoma.

Cha kwanza: mwanzi si mti. Ni nyasi. Ni ndugu ya mahindi na miwa, mkubwa tu wa mwili. Kwa hivyo unakula kama nyasi. Kumea kwa kasi kunahitaji nitrojeni na potasiamu kwa wingi, na silika ya kukaza ule mwili. Mizizi yake mingi imejazana pale juu, haiendi chini sana kutafuta. Kila unapokata fito na kuzipakia kwa lori, umepakia chakula cha udongo pia. Lori linaenda Nairobi. Hakuna lori linalorudi.

Cha pili: majani. Msitu hujilisha kwa majani yake. Yanaanguka, bakteria, kuvu na minyoo wanayala, yanageuka mboji, mizizi inakula tena. Ni kama chama, kila mtu anaweka, kila mtu anachukua. Lakini jani la mwanzi ni gumu, limejaa silika, na nitrojeni yake ni kidogo ukilinganisha na kaboni. Wadudu wa udongo wanalitafuna polepole sana. Ukiwa na mianzi pekee, chama chako kina mwanachama mmoja, na huyo mwanachama hulipa akichelewa.

Sasa weka miti ya majani mapana katikati. Majani yake yanaoza haraka. Yakichanganyika na ya mwanzi, wale wadudu wanapata nguvu ya kushughulikia hata yale magumu. Mizizi ya mti inaenda chini kuliko ya mwanzi, inavuta madini ambayo mwanzi haufikii, na yanarudi juu kupitia majani yanayoanguka. Na ukichagua miti ya jamii ya mikunde, kama kaliandra au sesbania, kuna bakteria kwenye mizizi yake wanaochukua nitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula. Bure kabisa. Hakuna duka la mbolea linaloweza kushindana na hiyo bei.

Na si mimi nimejitungia. Wachina wamepitia haya yote kabla yetu. Wana aina moja ya mwanzi inaitwa Moso, imefunika zaidi ya hekta milioni 4, hasa mikoa ya kusini kama Fujian, Zhejiang na Jiangxi. Kwa miaka mingi walifanya vile tunavyofundishwa sisi sasa. Ng'oa miti mingine, fyeka vichaka, lima, mwaga mbolea, vuna. Pesa iliingia. Halafu udongo ukaanza kuwa na asidi, viumbe vidogo vya udongo vikapungua, mavuno yakawa hayalingani tena na mbolea. Watafiti wao wamelinganisha mara nyingi misitu ya Moso pekee na ile iliyochanganywa na miti ya majani mapana, na mara nyingi ile ya mchanganyiko ndiyo inakutwa na mboji zaidi na nitrojeni zaidi. Lakini pia wameona kwamba si kila mti unasaidia. Ukichanganya mwanzi na miti ya majani ya sindano, faida ni ndogo, kwa sababu sindano nazo huoza polepole na kuongeza asidi. Unaleta mgumu kumsaidia mgumu mwenzake.

Niwe mkweli hapa, kwa sababu ukweli ndio ulinikosa mara ya kwanza. Moso hutambaa chini ya ardhi na kuvamia msitu wa jirani. Mwanzi mkubwa wa guka humea kwa mafungu, hautambai hivyo. Si mmea mmoja, na mlima wa Fujian si Murang'a. Lakini hesabu ni ile ile. Ukitoa kila mwaka bila kurudisha, utaisha. Hiyo haihitaji digrii.

Na kwani lazima twende China? Panda Aberdare au Mlima Kenya. Mwanzi wetu wa asili uko huko juu, na umekuwa huko kabla ya kampuni yoyote ya miche kuzaliwa. Kuna sehemu umejaa peke yake, lakini sehemu nyingi utaukuta umesimama na podo, na ukizidi kupanda unakutana na hagenia. Hakuna mtu anayekuja na lori kila msimu, kwa hivyo kinachoanguka kinabaki pale pale. Na kuna jambo moja hawakuambii wakikuuzia mche. Huo mwanzi wa mlimani, baada ya miongo kadhaa, huchanua maua kwa pamoja eneo zima, kisha hukauka na kufa. Palipo na miti mingine, kuna kitu kinabaki kimeshika udongo. Kwenye mteremko wenye mianzi pekee, nani atashika?

Sasa wacha niwajibu kabla hamjaniuliza.

"Si aweke tu mbolea?" Mbolea ya dukani inalisha mmea, haijengi mboji. Na ukimwaga nitrojeni ya dukani mwaka baada ya mwaka, unaongeza asidi. Udongo mwekundu wa Murang'a tayari una tabia ya kuishika fosforasi na kuinyima mizizi. Unaongeza shida juu ya shida, na bado umelipa pesa.

"Miti si itaziba jua?" Ndiyo, ukiijaza. Ndiyo maana miti inakuwa michache na mianzi inabaki mingi. Miche inawekwa kwenye mapengo na pembeni, inapaliliwa hadi ipite kimo cha kufunikwa. Ni kazi. Sijasema ni rahisi.

"Mkulima anataka pesa sasa." Hii ndiyo inaniuma, kwa sababu ndiyo niliyotumia mimi. Guka alipata pesa, sikatai. Lakini anayesema pesa ya sasa na hataji miaka kumi ijayo, mara nyingi si yeye mwenye shamba.

Ndiyo maana nina hasira na vile tunavyohesabu. Nchi imejiwekea lengo la miti bilioni 15 kufikia 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa siku nzima ya mapumziko tukapande miche. Mwaka 2020 mwanzi uliingizwa rasmi kwenye orodha ya mazao ya biashara. Yote ni mazuri kwenye karatasi. Lakini kila mara swali ni miche mingapi. Sijawahi kusikia mtu kwenye jukwaa akiuliza ni aina ngapi, na nini kitarudi kwa udongo. Na hatuwezi kusema hatukujua, kwa sababu tulishapitia hii filamu na mikaratusi. Ilisifiwa hivi hivi: inamea haraka, ina soko. Tukaipanda hadi kwenye kingo za mito, na mwaka 2009 waziri wa mazingira wakati huo, marehemu John Michuki, akaagiza ing'olewe karibu na vyanzo vya maji. Wakati ule kilio kilikuwa maji. Hii ya sasa itakuwa udongo, na udongo haupigi kelele ukikauka rutuba.

Kwa hivyo nasema hivi. Anayeuza miche ya mianzi na kumwambia mzee akate miti yake, anamwibia. Hata kama hajui, anamwibia. Anayepanga siku ya kupanda miti na kuleta lori la aina moja, anapiga picha, hapandi msitu. Na sisi wa kontenti tunaoshika mche mbele ya kamera kwa malipo bila kuuliza udongo utakula nini, sisi ndio wabaya zaidi, kwa sababu sisi ndio tunaaminiwa na watu wetu.

Sijawaambia mng'oe mianzi. Guka hajang'oa. Likizo ya mwezi wa nane nilikuwa huko wiki mbili. Tumepanda kaliandra kwenye mistari ya kukinga mmomonyoko, ng'ombe wake atakula matawi na samadi itarudi kwa mianzi. Tumeweka miringa na mikinduri kwenye mapengo. Tumeacha kuchoma majani. Matokeo? Bado. Mti hauna haraka ya mtandao. Guka ana miaka 81, na sote wawili tunajua kivuli cha ile miringa huenda asikikalie.

Siku ya kuondoka nilimwambia pole. Alikuwa anashindilia udongo kwenye mche wa mwisho kwa kiatu. Akasema, "Guka, pole haioteshi kitu. Lete maji."

Nikaleta maji.

Ile vidio ya zamani nimeitoa. Pesa niliyolipwa ndiyo ilinunua hii miche mipya, na iliyobaki haikutosha hata kununua gambuti zingine. Kama ulipanda mianzi kwa sababu yangu, usikate kitu. Nenda sasa uweke mti katikati yake.